Chokaa Yatoka Wapi Katika Nchi ya Chai?

Juma hili nimepokea swali ambalo sikutarajia litoke Kericho. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, aliye nyumbani kwa likizo karibu na Litein, ameniandikia kuhusu baba yake mdogo. Mzee huyo hutunza kidimbwi cha kuogelea katika nyumba moja ya wageni. Kila Jumatatu hupiga magoti ukingoni akasugua vigae kwa sabuni ya unga na brashi ya waya. Mwezi haujaisha, mstari mweupe umerudi pale pale maji yanapogusa ukuta, tena umekauka mfano wa ukoko wa ugali. Mwenye nyumba ameshamwonya mara mbili kwamba ni mvivu. Akiuona mstari huo mara ya tatu, atamkata mshahara. Sasa rafiki mmoja amemshauri mzee anunue asidi kali, aimwage yote kwenye vigae, mambo yaishe.

Mwanafunzi anauliza maswali mawili: je, baba mdogo ni mvivu kweli? Na hiyo asidi itamfaa?

Mwanangu, jawabu la swali la kwanza ni la, si mvivu. Jawabu la swali la pili ni kwamba asidi ikimwagwa hivyo, mzee anaweza kupoteza macho, kidimbwi kiharibike, na mstari urudi vile vile. Ili uweze kumweleza yeye na mwajiri wake, itakubidi uvumilie nikupe habari hii kutoka mwanzo.

Nanyi mnaoishi mijini msifunue ukurasa mkadhani hili ni la watu wa mbali. Siku hizi nyumba nyingi za ghorofa huko Kilimani na Kileleshwa jijini Nairobi, au Nyali kule Mombasa, zina kidimbwi ambacho wapangaji wote hukilipia kwa pamoja. Hata usiye na kidimbwi, una birika. Chungulia ndani yake leo, huenda ukamwona adui huyu huyu.

UKOKO HUU NI KITU GANI?

Ule weupe si uchafu wa kawaida, ndiyo maana sabuni haiutishi. Ni madini yanayoitwa kalsiamu kaboneti. Ni ndugu wa damu wa ganda la yai, wa konokono, na wa matumbawe ya pwani. Madini haya husafiri ndani ya maji yakiwa yameyeyuka, wala huwezi kuyaona. Mambo matatu huyafanya yajitokeze na kushika ukutani: maji kupata joto, maji kugeuka mvuke, na maji kupungukiwa na asidi.

Ukingoni mwa kidimbwi mambo hayo matatu hukutana. Jua hupiga pale. Mawimbi madogo hulowesha kigae, kisha kigae hukauka. Maji hupaa yakiwa safi kabisa na kuyaacha madini nyuma, kama vile bahari inavyoacha chumvi katika mashamba ya chumvi ya Gongoni. Wakati huo huo gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo huyafanya maji yawe na asidi kidogo, hutoroka hewani. Kila siku hubaki utando mwembamba usioonekana. Siku thelathini za utando zikilaliana, ukoko umezaliwa.

Mwanafunzi anaweza kuthibitisha mwenyewe. Chukua ganda la yai, ulitie katika kikombe chenye siki. Litaanza kutoa mapovu madogo madogo. Hiyo ni asidi ya siki ikila kalsiamu kaboneti na kuiachilia ile gesi. Likumbuke jaribio hili, maana tutalihitaji baadaye.

NCHI ISIYOPENDA CHOKAA

Hapa ndipo swali la Litein linapokuwa tamu. Lau kama barua hii ingetoka Mombasa, jawabu lingekuwa jepesi. Visima vingi vya pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao wenyewe ni kalsiamu kaboneti. Maji yake ni magumu tangu yanapotoka ardhini. Sabuni haitoi povu vizuri na birika hushika ukoko upesi.

Lakini Kericho na Bomet? Nchi hii imekaa juu ya miamba iliyotokana na volkano za kale, na mmojawapo wa miamba hiyo wataalamu wameupa jina la Kericho. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, na mvua ya mawe ya huko inajulikana duniani. Mito kama Itare, Kiptiget na Nyangores huteremka kutoka msitu wa Mau ikiwa na maji yaliyopita katika udongo ambao mvua imeusuuza kwa karne nyingi. Udongo huo una asidi. Ndiyo sababu kampuni za Waingereza zilipofika katika miaka ya 1920 zikitafuta mahali pa kupanda chai, ziliipenda sana nchi hii. Mchai hustawi katika udongo wenye pH ya kati ya 4.5 na 5.5, wala haupendi chokaa. Mkulima wa mahindi mwenye udongo wa aina hiyo hushauriwa anunue chokaa amwagie shamba lake, lakini mwenye chai hukaa mbali nayo.

Kwa hivyo maji ya mito ya huko ni laini. Madini yake ni machache. Ukiyachemsha katika birika mwaka mzima, ukoko utakaoupata ni mdogo. Sasa kama nchi haina chokaa, na maji hayana chokaa, ile chokaa iliyo kwenye vigae vya baba mdogo imetoka wapi?

MAJI YENYE NJAA

Imetoka mahali pawili. Pa kwanza ni kidimbwi chenyewe.

Maji laini yana njaa. Yakikosa madini yake, huyatafuta popote yalipo. Kidimbwi kimejengwa kwa saruji, na saruji imejaa kalsiamu. Nafasi zilizo kati ya kigae na kigae pia zimejazwa saruji. Maji laini yakikaa humo, hasa yakiwa na asidi kidogo, huilamba saruji hiyo polepole. Utaona viungo vya vigae vimeanza kutoboka na kuwa na chembechembe kama mchanga, na baadaye kigae kimoja kimoja hulegea. Kalsiamu iliyolambwa hukaa majini ikisubiri. Ikifika ukingoni, jua likiwaka, hujitapika juu ya kigae. Maji hula chini na kutapika juu.

Kama kidimbwi ni kipya, jambo hili huwa baya zaidi. Saruji changa hutoa chokaa yake kwa miezi mingi, na chokaa hiyo huipandisha pH ya maji siku baada ya siku.

Jambo hili liligunduliwa zamani. Mwaka 1936 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Wilfred Langelier, alitoa hesabu ya kutambua kama maji fulani yatakula au yatatapika. Hakuwa akifikiria vidimbwi vya kuogelea. Shida yake ilikuwa mabomba ya maji ya mijini yaliyokuwa yakiliwa na kutu. Alionyesha kwamba haitoshi kupima kalsiamu peke yake. Yafaa upime pH, joto, kiwango cha alkali, kalsiamu na jumla ya chumvi zilizoyeyuka, kisha uvitazame vyote kwa pamoja. Hesabu yake bado inatumika hadi leo, na watunza vidimbwi duniani kote huitegemea.

CHOKAA ILIYO NDANI YA NDOO

Mahali pa pili huwashangaza wengi. Chokaa hiyo hununuliwa dukani kwa pesa.

Klorini ya unga, ile nyeupe inayouzwa katika ndoo za plastiki ili kuua viini, ni mchanganyiko wa klorini na kalsiamu. Klorini hufanya kazi yake na kwisha. Kalsiamu haiendi popote. Hebu tupige hesabu pamoja. Kilo 1 ya unga wenye nguvu ya asilimia 65 ina takriban gramu 180 za kalsiamu. Anayetia kilo 1 kwa juma, atakuwa ametia kilo 52 kwa mwaka, na ndani yake mna zaidi ya kilo 9 za kalsiamu tupu. Kalsiamu hiyo yote ikigeuka kuwa ukoko, itatoa zaidi ya kilo 23, yaani karibu nusu ya mfuko wa saruji. Kidimbwi cha mita 10 kwa 5 chenye kina cha mita moja na nusu kina lita 75,000 tu. Ni kweli kwamba mvua kubwa hukifurisha kikamwaga sehemu ya maji yake nje. Lakini sehemu nzuri ya mzigo huo hubaki.

Sasa mtazame baba mdogo. Anaona mstari mweupe, anadhani ni uchafu. Anaongeza klorini ili kuua uchafu. Kwa kuongeza klorini anaongeza kalsiamu, na pH inapanda. Mstari unanenepa. Anasugua kwa brashi ya waya, anakwaruza uso laini wa kigae, na ile mikwaruzo inakuwa ngazi ya ukoko mpya kushikia. Kadiri anavyojitahidi ndivyo anavyoshindwa. Mtu wa namna hii huwezi kumwita mvivu.

HATA KATIKA KIKOMBE CHA CHAI

Huenda mtu akasema haya ni mambo ya wenye vidimbwi. Basi na tuje kwenye chai, ambayo kila mmoja wetu anaijua. Umewahi kuandaa chai ya rangi kwa maji magumu ukaona utando wa kahawia ukielea juu, unaovunjika vipande vipande ukitikisa kikombe? Mwaka 1993 wanakemia wawili wa Imperial College mjini London, Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao kuhusu utando huo. Jaganyi huyu baadaye alikuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya kule Thika.

Waligundua kwamba utando huo ni kalsiamu kaboneti iliyoshikana na vitu vya majani chai, na kwamba hujitengeneza pale maji yanapokutana na hewa. Maji yasiyo na kalsiamu hayaufanyi. Ukitia limau pia hautokei, kwa sababu asidi ya limau huzuia. Ni habari ile ile ya kidimbwi katika kipimo cha kikombe: mahali ni pale maji yanapokutana na hewa, mkosaji ni kalsiamu, na dawa ni asidi kidogo. Kidogo, nimesema.

TAMBUA KABLA YA KUSUGUA

Kabla hujashika brashi, tazama ukoko umekaaje. Kuna sura tatu.

Sura ya kwanza ni mstari ulionyooka unaozunguka kidimbwi chote kwenye usawa wa maji. Huu ni ule tuliouzungumzia. Unatibika.

Sura ya pili ni machozi meupe yanayoteremka kutoka kwenye viungo vya vigae, mahali hapa na pale. Hii ni dalili kwamba maji yanapita nyuma ya vigae, yanabeba chokaa ya saruji na kuitoa nje. Ukisugua leo, yatatoka tena kesho. Mwite fundi atafute ufa, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sura ya tatu ni utando wa rangi ya kijivu, mgumu na wenye makali kama kioo kilichosagwa. Dondoshea siki, kama ulivyofanya na ganda la yai. Ukitoa mapovu, ni kalsiamu kaboneti. Usipotoa chochote, basi huenda umechanganyika na silika, ambayo ni kawaida katika maji ya nchi za volkano. Huo siki haiuwezi, na haifai kuuongezea asidi kwa hasira. Unahitaji kusuguliwa kwa jiwe.

KUUONDOA KWA UPOLE

Anza na kilicho chepesi. Haraka haraka haina baraka.

Kwanza, zima pampu, kisha punguza maji hadi yawe sentimita 15 au 20 chini ya mstari. Usisahau kuzima, kwa sababu maji yakishuka chini ya mdomo wa kunyonyea, pampu hunyonya hewa na inaweza kuungua.

Pili, changanya siki na maji kwa vipimo sawa. Lowesha kitambaa, ukibandike juu ya ukoko kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha sugua kwa brashi ya nailoni. Rudia. Kazi hii ni ya taratibu, mita moja moja, lakini ukoko mchanga hutoka wote.

Tatu, ule uliobaki ukwangue kwa kipande cha plastiki ngumu au mbao. Usitumie kisu wala brashi ya waya. Waya huacha chembe za chuma ambazo hushika kutu na kutia madoa ya kahawia.

Nne, kama bado umeng'ang'ania, tumia jiwe jepesi lenye matundu, lile ambalo akina mama husugulia visigino. Jiwe hilo nalo ni zao la volkano. Lowesha jiwe na kigae pia, usugue bila kukandamiza. Jaribu kwanza mahali pa siri. Linafaa kwa vigae vigumu vya kauri, lakini halifai kwa vigae vya kioo wala vyenye nakshi, kwani litavikwaruza.

Pia ipo njia ya mwenye subira. Ukiishusha pH ya kidimbwi hadi 7.2 na kuiweka hapo kwa majuma kadhaa, huku ukipiga brashi kila siku, ukoko mwembamba hulainika na kurudi majini wenyewe. Usishuke chini ya hapo, au ile njaa ya maji itarudi kuwinda saruji.

ASIDI SI MCHEZO

Ile asidi ya haidrokloriki iliyo katika maduka ya vifaa vya ujenzi huondoa ukoko, sikatai. Lakini pia hula saruji ya viungo vya vigae, mapafu na macho. Kwa ukoko mnene sana anaweza kuitumia mtu aliyefundishwa kazi hiyo, na kwa masharti yafuatayo.

Avae glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho pande zote, na gambuti. Asimame mahali penye hewa, upepo ukimtoka mgongoni. Achukue ndoo ya plastiki, atie maji kwanza, sehemu 10, kisha amimine asidi sehemu 1 ndani ya maji polepole. Asigeuze kamwe akamimina maji ndani ya asidi, maana huchemka ghafla na kuruka usoni. Aloweshe vigae kwa maji kabla, ili viungo visiinyonye asidi. Apake sehemu ndogo, asubiri mapovu yatulie, asugue, asuuze kwa maji mengi. Mwisho asuuze kwa maji yaliyotiwa sodiamu baikaboneti, ile soda ya kuokea keki, ili asidi iliyobaki ife. Asimwage maji hayo mtaroni kuelekea mtoni kabla hayajatulizwa kwa soda. Na mtu asiogelee mpaka kidimbwi kimejazwa, pampu imezungusha maji na pH imepimwa.

Sharti kubwa kuliko yote ni hili: asidi na klorini zisikutane, si katika ndoo, si katika brashi, si katika stoo moja. Zikikutana hutoa gesi ya klorini. Ni gesi ile ile ambayo jeshi la Ujerumani lilitumia kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Nyumbani hali ni hiyo hiyo kwa dawa ya kung'arishia nguo kama Jik na dawa za choo zenye asidi. Mtu akiivuta gesi hiyo, mtoeni nje penye hewa safi na mkimbizeni hospitali. Asidi ikiingia machoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha hospitali bila kuchelewa.

Jambo jingine, wazazi. Katika miji yetu asidi hupimwa na kuuzwa kwa rejareja, mara nyingine katika chupa ya soda. Usikubali kuinunua hivyo. Mtoto akiikuta chupa hiyo sebuleni akiwa na kiu, hatauliza ina nini.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUSUGUA

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya hapa ni kipimo. Maduka ya dawa za vidimbwi huuza kisanduku kidogo chenye vichupa vya matone na kadi ya rangi. Unachota maji, unatia matone, unalinganisha rangi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza.

pH iwe kati ya 7.2 na 7.6, ipimwe angalau mara mbili kwa juma. Katika kidimbwi kipya ipimwe kila siku kwa mwezi wa kwanza. Kiwango cha alkali kiwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, kipimwe kila juma. Kalsiamu iwe kati ya 200 na 400, ipimwe kila mwezi. Kwa nchi ya maji laini kama Kericho na Bomet, lenga 200 hadi 250.

Hapa msomaji atashtuka. Je, nitie kalsiamu ili nizuie kalsiamu? Ndiyo, kama kipimo kimeonyesha kwamba maji yana njaa. Maji yaliyoshiba kiasi hayali saruji. Kidimbwi kikijazwa maji ya mto, kalsiamu yake huwa chini sana, na huongezwa kwa kloridi ya kalsiamu, kidogo kidogo. Lakini pima kwanza. Anayetumia klorini ya unga huenda ameshalifikia lengo bila kujua, na akiongeza atakuwa anapanda ukoko kwa mikono yake. Huyo yafaa abadili, atumie klorini ya maji, ambayo haina kalsiamu. Hiyo nayo hupandisha pH, kwa hivyo kupima hakukwepeki.

Baada ya mvua kubwa au mvua ya mawe, pima tena. Maji ya mvua hayana alkali, na yakiingia kwa wingi huyayumbisha maji ya kidimbwi, leo pH iko chini, kesho iko juu. Maporomoko ya mapambo na chemchemi za kurusha maji pia huifukuza ile gesi na kupandisha pH, basi zisifanye kazi usiku kucha bila sababu. Anayepasha maji moto kwa sababu ya baridi ya milimani, ajue ukoko huanzia ndani ya mtambo wa kupasha kabla haujafika kwenye vigae. Wenye viwanda vya chai wanalijua hilo. Bwela za kutoa mvuke wa kukaushia majani hulishwa maji yaliyotibiwa, kwa sababu ukoko ndani ya bomba huzuia moto usiyafikie maji, na kuni huteketea bure.

Mwisho, funika kidimbwi usiku na wakati hakitumiki, ili maji yasipae. Na mara moja kwa juma, pangusa mstari wa maji kwa sponji laini. Utando wa siku saba hutoka kwa mpanguso mmoja.

Wakazi wa Nairobi, ninyi pia mwulize meneja wa nyumba zenu maji ya kidimbwi hutoka wapi. Ya bomba la jiji, mengi yakitoka bwawa la Ndakaini kwenye safu za Aberdare, ni laini, kwa hivyo soma tena yale ya Kericho. Ya visima virefu mara nyingi yana alkali nyingi na floridi. Kalsiamu yake si nyingi, lakini alkali hiyo ikikutana na kalsiamu ya klorini ya unga, mstari mweupe hauchelewi.

NENO KWA MWENYE NYUMBA

Mwanafunzi wangu wa Litein, msomee mwajiri wa baba yako mdogo sehemu hii, kwa adabu na baada ya kumwamkia.

Bwana, tangu kampuni ya Brooke Bond ijenge Tea Hotel pale mjini katika miaka ya 1950, Kericho imezoea kupokea wageni, na mgeni akiona vigae vichafu haji tena. Una haki ya kudai kidimbwi safi. Lakini mtunzaji uliyempa brashi na ndoo ya klorini bila kipimo ni sawa na dereva uliyempa gari lisilo na taa ukamtuma usiku. Mnunulie kisanduku cha kupimia, glavu na miwani. Tundika daftari katika chumba cha pampu, aandike tarehe, pH, alkali, kalsiamu, mvua na dawa aliyotia. Kila Ijumaa lisome. Daftari hilo litakuonyesha mapema kama maji yanakula au yanatapika, kabla vigae havijaanza kubanduka. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo ukiilinganisha na ya kung'oa vigae na kupanga vipya.

Mwenye kipimo akakataa kupima, huyo mkate mshahara. Uliyemnyima kipimo, huna la kumkata.

Nawe baba mdogo, hiyo asidi usiinunue. Anza kesho na siki, kitambaa na brashi ya nailoni, upande mmoja tu wa kidimbwi, na uandike siku uliyoanza.

Wapenzi wasomaji, tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.